Sahani ya Msumeno wa Isidore

Mdogo wangu Isidore alizikwa siku ya Jumanne, na sahani ya msumeno wake ilipasuka Jumatatu, wakati Tambwe alipokuwa akikata mbao za jeneza lake. Nayataja mambo hayo mawili pamoja kwa sababu yalinifikia pamoja. Tambwe, seremala aliyefanya kazi na Isidore kwa miaka tisa katika karakana yao ya Kadutu, alikuja nyumbani kwangu akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Akanionyesha vipande viwili vya chuma kiganjani, akasema kwamba jeneza atalimalizia kwa msumeno wa mkono. Nikamjibu kwamba ni sawa. Nikavitia vile vipande mfukoni mwa koti, nikaendelea kuhesabu viti vya wageni. Vilikuwa sitini na vinne.

Sahani ndilo jina walilolitumia wao. Ni duara nene la chuma, upana wake kama kiganja cha mtu mzima, lenye tundu katikati. Huvikwa kwenye mhimili wa msumeno wa meza, kisha diski yenye meno hulazwa juu yake na kubanwa kwa nati. Bila sahani, diski haina pa kuegemea. Msumeno wa Isidore uliletwa kutoka Ubelgiji kabla mimi sijazaliwa, na kiwanda kilichoutengeneza kilikwisha kufungwa. Hakuna duka mjini Bukavu ambalo lingekuwa na kipuri chake. Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili tu: ama sahani nyingine itengenezwe, ama mashine nzima iwe chuma chakavu.

Alasiri ya mazishi wazee wa ukoo waliketi uani kwa Isidore, nyuma ya karakana. Aliyeongoza mazungumzo alikuwa Tonton Mardochée, mdogo wa marehemu baba yetu, ambaye alikuwa ameshuka kutoka Nyangezi tangu alfajiri. Si mtu mbaya. Hupenda tu jambo limalizike kabla hajapanda gari la kurudi.

“Nsimire iko kijana bado,” alisema, akimtaja mjane wa Isidore kana kwamba hakuwapo. “Miaka makumi tatu na moja. Ataolewa tena, na ile mashine itamufwata kwa bwana mwingine. Kule Luhwindja kuko ndugu yetu anapasua miti ya kutegemeza mashimo ya dhahabu. Anaihitaji. Ibaki mu familia.”

Nsimire alikuwa ameketi chini, kwenye mkeka, pamoja na wanawake wengine. Hakuinua kichwa.

“Tonton, mashine haina miguu,” alisema. “Na mie sijainuka hata hapa chini, tayari munaniolesha?”

Wanawake wawili walicheka, kisha wakajishika midomo.

“Sikutukane, mutoto wangu. Lakini si mashine imekufa? Utaifanya nini mashine ya kufa? Utaifunika kitenge?”

“Nitaifunika. Hata bwana yangu nilimufunika.”

Baada ya hapo nyuso zilinigeukia mimi. Mimi ndiye kaka mkubwa, na kwetu neno la kaka mkubwa wa marehemu ndilo linalofunga kikao. Nilichokuwa nacho ni mazoea ya darasani ya kugawa jambo mara mbili ili lieleweke. Nikasema: “Siku ya kuondoa matanga, mashine ikikata, itabaki kwa Nsimire. Isipokata, iende Luhwindja.”

Wote waliitikia kwa vichwa. Ilisikika kama haki. Nilipokuwa nikiteremka kuelekea nyumbani nilitambua kwamba mtu pekee ambaye angeweza kuifanya ikate alikuwa mimi. Hata jambo hilo nililitambua kama vile mtu anavyotambua kwamba kesho ni Jumatano.

Ninafundisha ufundi wa vyuma na uchoraji wa kiufundi katika shule moja ya hapa mjini. Tuna mashine moja ya kukereza chuma ambayo bado inazunguka vizuri, lakini tangu Februari umeme hutufikia siku tatu kwa juma, tena kwa saa chache. Matanga yangeondolewa siku ya arobaini, iliyoangukia Jumamosi. Nilipanga kazi kwa hatua, nikaiandika ubaoni katika karakana ya shule: kupima, kuchora, kutafuta chuma, kukereza, kutoboa, kukagua. Wanafunzi walisoma orodha ile bila kuuliza ilihusu nini.

Katika hatua ya kwanza niliunganisha vile vipande viwili kwa waya na kuvipima kwa pied à coulisse, kile kipimo chenye taya mbili. Tundu lilikuwa na milimita ishirini na nane. Upana ulikuwa mia moja na moja. Unene ndio ulionisimamisha. Upande mmoja ulikuwa milimita kumi na nne, na upande wa pili kumi na tatu nukta sita. Nilipima tena katika sehemu nane. Unene ulipungua taratibu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kama sabuni iliyotumiwa upande mmoja tu. Karibu na tundu palikuwa na alama ndogo ya pointo, ile ncha ya kutia alama kwenye chuma, nukta moja, ambayo nilidhani ni nyundo iliyoteleza.

Hapa sina budi kueleza jambo moja. Isidore aliwahi kuwa mwanafunzi wangu. Nilikuwa mwalimu wa miaka miwili tu kazini, na wenzangu walikuwa wakiniangalia waone kama nitampendelea mdogo wangu. Kazi ya mtihani ilikuwa kipande cha chuma chenye nyuso mbili zinazotakiwa kuwa sambamba. Nyuso za kipande chake hazikuwa sambamba. Nilimpa tisa juu ya ishirini, na nikamwonyesha darasa zima mwanga uliokuwa ukipita chini ya rula. Mwishoni mwa mwaka huo aliacha shule, akaingia kwenye useremala. Hakuwahi kunilaumu. Tulikula pamoja kila Pasaka.

Kwa hiyo, nilipoona sahani yake imepunguka upande mmoja, sikujiuliza chochote. Niliona kosa nililolijua. Nikachora sahani mpya yenye unene wa milimita kumi na nne pande zote, na chini ya mchoro nikaandika kwamba nyuso ziwe sambamba, tofauti isizidi sehemu mbili za mia za milimita.

Chuma nilikipata kutoka kwenye ekseli ya lori lililokuwa limelala kwa miaka kando ya gereji moja huko Panzi. Kukata kipande chake kwa msumeno wa mkono kulichukua siku nne. Kukikereza kulichukua majuma matatu, kwa sababu umeme ulikuwa ukija na kuondoka, na kila ulipoondoka ilinibidi nianze upya kukilenga kipande. Sikukasirika. Nilikuwa nikisimama kando ya mashine, mikono nyuma, nikisubiri. Mke wangu aliniambia kwamba tangu mazishi nilikuwa nimekunywa chai bila sukari na sikuwa nimesema kitu. Sikuwa nimeona tofauti.

Siku ya thelathini na nane, yaani Alhamisi, nilipeleka sahani mpya Kadutu. Ilikuwa inang'aa. Tambwe aliigeuza mikononi akapiga mluzi.

“Ee, Prof! Hii mutu anaweza kujiangalizia na kunyoa ndevu.”

“Ifunge.”

“Naifunga, naifunga. Ya mbele haikuwa na uso muzuri hivi. Ya mbele ilikuwa na sura yangu.”

Aliivika kwenye mhimili, akaweka diski, akakaza nati. Nsimire alikuja mlangoni akasimama, amefunga kitambaa cheusi kichwani. Tambwe akawasha.

Mashine ilitoa mlio ambao sikuutarajia, mlio wa chuma kinachokwaruza chuma. Diski, ambayo ikizunguka vizuri huonekana kama uzi mwembamba, ilikuwa imenenepa. Ilikuwa ikiyumba kushoto na kulia, ikiuma kingo za mwanya wa meza. Tambwe aliruka akazima.

“Hapana,” alisema. “Hapana, hapana. Hii itatukata vichwa.”

Nilifungua nati mwenyewe. Nilipima sahani tena, hapo hapo, juu ya meza ya seremala. Unene ulikuwa kumi na nne, kumi na nne, kumi na nne. Hapakuwa na kosa. Nikamwambia Tambwe kwamba hapakuwa na kosa.

“Prof, mie sikatae. Lakini angalia nukta.”

“Nukta gani?”

“Ile ya ku mhimili. Si unaiona? Na sahani ya Isidore ilikuwaka na yake. Ukiivalisha, nukta ikutane na nukta. Ukikosea fasi, inayumba vilevile hivi.”

Niliinama. Kwenye kichwa cha mhimili kulikuwa na alama ya pointo, ndogo, safi, iliyopigwa na mtu aliyejua anachokifanya.

“Kwa nini hukuniambia?”

Tambwe alijifuta mikono kwenye suruali. “Haukuniuliza. Ulikuwa unapima.”

Niliufunga mhimili kipimo cha mshale, nikauzungusha kwa mkono, polepole. Mshale ulienda mbele na kurudi nyuma. Mhimili ulikuwa umepinda mwishoni, kwa kiasi kidogo sana, pale hasa sahani inapokaa. Sahani iliyonyooka ikivikwa kwenye mhimili uliopinda husimama kombo, na diski husimama kombo pamoja nayo. Sahani ya Isidore ilikuwa kombo kwa kiasi kile kile, upande wa pili. Haikuwa imepunguka. Ilikuwa imekatwa hivyo kwa makusudi, ili diski isimame wima. Nyuso ambazo hazikuwa sambamba zilikuwa ndizo kazi yenyewe.

Nilitegemea kuhisi kitu wakati huo. Nilimsubiri mtu ndani yangu aseme neno. Badala yake nilikumbuka kwamba zimebaki siku mbili, na kwamba mashine ya shule isingeweza kunisaidia, kwani shuleni hakukuwa na mhimili huu uliopinda.

“Ulianguka,” alisema Nsimire kutoka mlangoni. “Tulipoutoa huu musumeno Uvira, ulianguka ku lori pale mu milima. Isidore alisema hakuna fasi atapata mhimili mwingine.”

“Sasa sahani aliikata wapi?”

“Hapa.”

“Hapa hakuna mashine ya kukereza.”

“Yenyewe hii ndiyo ilikuwa mashine, Papa Fanny.” Ananiita hivyo kwa jina la binti yangu wa kwanza, kama inavyopasa. Alisogea, akaweka kidole juu ya gurudumu la mkanda, chini ya meza. “Alitosha mukanda, akauweka kando. Alifunga sahani ku mhimili wake, alafu akaleta kile kibano cha skrubu, cha kutobolea vyuma, akakifunga hapa mbele na kisu cha chuma ndani. Mie nilikuwa nazungusha huku. Nilikuwa na mimba ya mutoto wetu Maombi, nimekaa ku kiti. Alisema: zungusha pole pole, kama unasonga bugali. Siku mbili nilisonga.”

Nilielewa mara moja, na nilielewa kwamba ilikuwa njia sahihi. Kipande kinapokerezwa juu ya mhimili wake wenyewe, uso wake hufuata mzunguko wa mhimili huo, uwe umepinda au umenyooka. Kisu hakijali. Ni jambo ambalo ningeweza kulieleza ubaoni kwa mistari mitatu. Sikuwa nimeliwaza.

“Mbona hakuja shuleni?” niliuliza. “Ningemsaidia.”

Nsimire alitazama mikono yake.

“Alikuja. Ulikuwa na classe. Alikuangalia ku dirisha, akarudi. Alisema wanafunzi wako wananyamazaka sana.”

Tambwe alianza kufagia sakafu ambayo tayari ilikuwa safi.

Ijumaa baada ya masomo nilirudi na visu viwili vya kukerezea kutoka shuleni. Kibano cha Isidore tulikikuta chini ya rundo la maranda, skrubu yake imepakwa mafuta. Kwenye fremu ya meza kulikuwa na matundu manne ambayo sikuwa nimewahi kujua kazi yake. Kibano kilikaa juu yake barabara. Nilipiga nukta kwenye sahani mpya mkabala na nukta ya mhimili, nikaikaza, nikasogeza ncha ya kisu mpaka ikagusa ukingo.

Nsimire aliketi kwenye kiti kifupi, akashika gurudumu kwa mikono miwili.

“Niambie wakati,” alisema.

“Sasa.”

Sahani ilianza kuzunguka. Kisu kiligusa upande mmoja tu, kikaacha mstari mwembamba wenye umbo la mwezi mchanga, kisha kikapita hewani mpaka upande ule urudi. Nilizungusha skrubu ya kibano robo, kisu kikasogea kuelekea tundu. Unyuzi wa chuma ulianguka juu ya kiatu changu. Nilipofika mwisho nilirudisha kisu, nikakiingiza ndani kwa unene wa karatasi, nikaanza tena.

“Unaharakisha,” Nsimire alisema baada ya muda.

“Siharakishi.”

“Unaharakisha, Papa Fanny. Naisikia mu mukono. Yee alikuwaka anaacha ninazungusha mara tatu, alafu anasogeza.”

Nilifanya kama alivyosema. Mizunguko mitatu, kisha robo. Mlio ulibadilika, ukawa mnong'ono. Tambwe, aliyekuwa ameketi mlangoni akichonga kigingi, aliinua kichwa.

“Njo hiyo,” alisema. “Hiyo sauti naijua.”

Tulifanya kazi saa mbili na nusu. Nsimire alibadilisha mkono mara nyingi, lakini hakusimama. Mwezi mchanga ulikua ukawa nusu, kisha sahani nzima ikawa na rangi moja. Nilipoipima unene, nilipata kumi na nne upande mmoja na kumi na tatu nukta sita upande wa pili. Nilifunga diski, nikaizungusha kwa mkono mbele ya mshale wa kipimo. Mshale haukusogea. Niliwaambia kwamba mshale haukusogea. Nsimire aliitikia kwa kichwa, akaenda kunawa mikono, na maji yalipokuwa yakimwagika nilimsikia akilia kwa sauti ya chini. Nilisimama pale nikiwa na kitambaa cha mafuta mkononi. Nilikikunja mara nne na kukiweka mahali pake.

Hatukuweza kuijaribu kwa sababu hapakuwa na umeme siku hiyo katika mtaa wote.

Jumamosi umeme ulifika saa mbili asubuhi, na Tonton Mardochée alifika saa nne, akiwa na wazee wawili na gari dogo la mizigo lililoegeshwa nje na kamba zake tayari. Ibada ilikuwa fupi. Nsimire alivuliwa kitambaa cheusi. Kisha wote tukaingia karakanani, na wanawake wakabaki mlangoni.

“Léopold,” Tonton aliniambia, “ulisema ikate. Ikate.” Aliizunguka mashine kama mtu anayekagua ng'ombe, kisha akachagua ubao mwenyewe kutoka ukutani, ubao wa libuyu, mzito, mrefu kupita mtu. Tambwe alinyoosha mkono kuupokea.

“Si wewe,” Tonton alisema. “Kama mashine iko ya bibi, bibi akate.”

“Tonton, yee hakatake,” Tambwe alisema. “Anapigaka mbao polisi zing'ae, anauzisha, anasema na wateja. Kukata ni mambo ingine.”

“Basi iende kwa mwenye kukata.”

Watu walinigeukia, wakisubiri nifunge jambo kwa kanuni nyingine. Ningeweza kusema kwamba sharti lilikuwa mashine ikate, na si nani akate. Ingekuwa hoja sahihi. Nilifungua mdomo. Nsimire alikuwa tayari amejifunga kitenge upya kiunoni na kukunja mikono ya blauzi.

“Tambwe, vuta kule mwisho,” alisema. “Usivute kwa nguvu. Tonton, sogea, utakula maranda.”

Akabonyeza swichi mwenyewe. Diski ikazunguka, ikawa uzi. Aliukandamiza ubao kwenye ukingo wa kuongozea, akausukuma. Mara ya kwanza alisukuma haraka, mota ikaguna; nikaona mabega yake yakishuka, na mwendo wake ukawa ule wa jana kwenye gurudumu. Msumeno uliingia kwenye libuyu kwa sauti moja isiyobadilika, kutoka mwanzo wa ubao hadi mwisho.

Tambwe alizima. Tonton Mardochée alichukua vipande viwili, akavigeuza, akaviweka pamoja uso kwa uso mahali vilipokatwa, akaviinua kwenye mwanga wa mlango. Alitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Aliwapa wazee wale wawili, nao wakatazama. Hakuna mwanga uliopita.

“Ibaki,” alisema. Akamgeukia Nsimire. “Lakini usiniletee bwana asiyejua kazi.”

“Tonton, wacha kwanza nikule.”

Kicheko cha safari hii hakikufichwa. Tonton alinipiga begani, akasema kwamba masomo yangu hayakupotea. Nilimjibu kwamba sahani ile Isidore ndiye aliyejua kuikata, na kwamba mimi niliikosea mara ya kwanza. Nilisema kwa sauti ile ninayotumia kusahihisha hesabu. Alinitazama kidogo, akaitikia, akatoka kwenda kumwambia dereva akunje kamba.

Watu walikwenda uani kula. Tambwe aliitwa kubeba sufuria. Nilibaki nikitafuta koti langu, na nikamkuta Nsimire bado amesimama mbele ya mashine.

“Umeme utaenda saa sita,” alisema. “Kuko mbao za madawati ya parokia, Isidore aliziacha. Papa Fanny, unaweza kupokea kule mwisho?”

Nilizunguka meza nikasimama upande wa pili. Akawasha. Ubao wa kwanza ulinijia polepole, ukitetemeka, na nilipoushika ulikuwa na joto mahali msumeno ulipopita. Niliulaza chini. Ukaja wa pili. Niliusawazisha na wa kwanza, ncha kwa ncha. Kila ubao ulikuwa na joto kama uliotangulia. Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Niliendelea kupokea.